Lau ndege za Amin zingaliruka

Wahenga walisema kuwa ningalijua huja nyuma. Baadhi ya walimu wa Historia wameugeuza usemi huo kuwa amri: yaliyopita yamepita, na mwanafunzi asithubutu kuuliza yangalikuwaje. Mimi nashika rai iliyo kinyume. Swali la "lau", likiulizwa kwa adabu na kwa ushahidi, humfunza mwanafunzi sababu za mambo kuliko orodha ndefu ya tarehe. Na kwa wasomi wa Busia na Malaba, mfano wa swali hilo u mlangoni pao.

Mnamo Februari 1976, Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, hadi kilomita 32 hivi kutoka Nairobi, ilikuwa ya Uganda hapo zamani. Dai hilo lilisimama juu ya chembe ya ukweli. Mwaka wa 1902 Waingereza waliutwaa Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakauunga na nchi ambayo baadaye ilikuja kuitwa Kenya. Wakenya walighadhibika, Mzee Jomo Kenyatta akakataa kutoa hata shubiri moja ya ardhi, na Amin akalegeza kauli yake.

Miezi michache baadaye, usiku wa kuamkia Julai 4, makomando wa Israeli walishuka Entebbe kuwaokoa mateka. Kabla ya kuondoka waliziteketeza ndege za kivita za MiG zilizoegeshwa uwanjani. Vitabu vingi hutaja 11. Kwa kuwa ndege za Waisraeli zilipitia Nairobi kutia mafuta, Amin aliilaumu Kenya, na Wakenya wengi waliokuwa Uganda wakauawa.

Hapa ndipo swali letu linapozaliwa. Lau zile MiG zisingaliteketezwa, na lau Amin angalizituma zilipize kisasi, Busia na Malaba zingalipatwa na nini? Kutoka Entebbe hadi mpakani ni safari ya chini ya dakika 20 kwa ndege kama hizo. Kenya nayo ilikuwa na ndege chache tu za Hunter na Strikemaster. Zile F-5 zilizonunuliwa Marekani zilifika mwaka wa 1978. Hapana shaka kwamba nyumba zingaliungua, na raia wasio na hatia wangalizikwa.

Lakini kuua raia si kushinda vita. Shabaha yenye maana pale mpakani ilikuwa reli, barabara na madaraja, na shabaha nyembamba kama hizo ni ngumu kupigwa kutoka juu. Ndiyo maana Wajerumani, katika Vita Vikuu vya Pili, walitumia ndege za Stuka zilizoshuka wima kama mwewe aliyeona kifaranga, zikaachia bomu karibu na shabaha kisha zikapaa. Hata hizo, zilipokutana na ndege za Waingereza mwaka wa 1940, ziliangushwa kwa wingi kwa sababu ya uzito wa mwendo wake. Amin hakuwa na ndege za namna hiyo. MiG ziliundwa kwanza kwa mapambano ya angani.

Ushahidi wa jirani unathibitisha hoja hii. Majeshi ya Amin yalipovamia Kagera mwaka wa 1978, ndege zake zilishambulia, na Watanzania wakaangusha baadhi yake. Machi 1979, ndege kubwa ya Libya iliyokuja kumsaidia Amin ilitaka kuupiga mji wa Mwanza. Mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama, yakaua swala. Kampala ilitekwa Aprili 11, 1979, na waliouteka mji ni askari waliotembea kwa miguu.

Kisha kuna jambo ambalo wapenda hadithi za vita husahau. Ndege hunywa mafuta. Uganda haina bahari, na mafuta yake yalitoka Mombasa kwa reli na kwa malori, yakipitia Malaba na Busia. Amin angalipiga Malaba, angalikuwa amejikata koo mwenyewe. Huenda mtu akasema kwamba alikuwa na akiba ghalani. Sawa, lakini akiba huisha. Julai hiyo hiyo Kenya ilidai bidhaa zote zilipiwe kwa fedha za Kenya, mafuta yakaadimika Uganda, na Agosti nchi hizo mbili zikatia sahihi makubaliano. Kizuizi cha barabarani kilifanya kazi ambayo bomu lisingaliweza.

Jibu langu basi ni hili: ndege hizo zingaliongeza makaburi, zisingalibadili mwisho. Na makaburi hayo yangalikuwa ya nani? Yangalikuwa ya Wateso na Wasamia, watu ambao mpaka umewagawa hali ukoo wao ni mmoja. Desemba 1987, askari wa Kenya na wa Uganda walipofyatuliana risasi Busia, ni hao hao walioumia, hadi Rais Moi na Rais Museveni walipokutana Malaba Desemba 28 kutafuta suluhu.

Nawasihi walimu wenzangu wajaribu zoezi hili darasani. Mwanafunzi abadilishe jambo moja tu, yote mengine yabaki kama yalivyokuwa, kisha atoe ushahidi kwa kila hatua. Asiyeweza kueleza mafuta yangalitoka wapi hajajibu swali, hata akizitaja ndege zote kwa majina. Naye mwalimu wa Kiswahili atapata faida yake: hakuna njia bora ya kufundisha kiambishi cha "-ngali-" kuliko kukihusisha na msiba ambao, kwa bahati njema, haukutokea.