Kochi, Kitenge na Ngazi za Kibagabaga

Kochi langu la kwanza Kibagabaga lilikaa ngazini saa mbili na nusu. Lilikuwa la umbo la L, sentimita 280 kwa 190, limeungwa kipande kimoja, na makarani wanne walikuwa wamelifikisha kwenye kona ya kuelekea ghorofa ya pili. Hapo likagoma, mbele haliendi, nyuma halirudi. (Mgeni wa Kigali asishangae: karani wa hapa si mtu wa faili na kalamu, ni mchukuzi wa mizigo.) Jirani wa ghorofa ya tatu akarudi kutoka soko la Kimironko na ndizi zake, akatutazama, kisha akalikalia kochi langu kusubiri njia ifunguke. Ndiye mtu wa kwanza kulikalia.

Kosa lilikuwa langu kwa sehemu kubwa. Nilipima ukuta tu. Fundi naye hakuniuliza naishi ghorofa ya ngapi, na nilipompigia simu alinijibu kwamba kazi yake iliishia mlangoni pa karakana.

Sebule yenyewe ni mita 4.20 kwa 3.60, yaani mita za mraba 15 na kidogo. Nimekulia Nyamirambo, kwenye nyumba ambayo mgeni hakosi pa kukaa, na mawazo yangu yote yalikuwa kwenye idadi ya watu: watu saba, watu wanane. Ndiyo lugha ya wauzaji pia. Seti inaitwa ya watu saba, kwa hesabu ya 3-2-1-1, na hakuna anayekutajia sakafu itakayoliwa. Basi tuihesabu. Kochi la watu watatu la sentimita 210 kwa 90, la wawili la 160 kwa 90, na viti viwili vya 95 kwa 90 vinakula mita za mraba tano na nukta. Hiyo ni theluthi ya sebule yangu, kabla ya meza, kabati la televisheni na mlango unaofungukia ndani. Kochi la L la 260 kwa 180 linakula mita za mraba 3.15 na kukalisha watu watano, mmoja wao akiwa kwenye kona asikojua miguu aiweke wapi. Kochi moja la watu watatu pamoja na viti viwili vyepesi vya mikono ya mbao, vya 70 kwa 75, linakula 2.94, na watu ni watano vilevile. Tena viti hivyo viwili unaweza kuvihamishia barazani jioni. L haihami.

Lakini eneo peke yake halitoshi, tazama upana. Kwenye ukuta wa mita 3.60, kochi linachukua sentimita 90, kabati la televisheni la upande wa pili 40. Zinabaki 230. Acha 40 kati ya kochi na meza, ili mtu afikie kikombe bila kuinuka, meza yenyewe ichukue 60, na unabaki na njia ya sentimita 130. Mtu apita na sinia la chai bila kuomba radhi. Sasa weka makochi mawili yanayotazamana: zimebaki 180, ukitoa meza unapata 60 kila upande, na katika hizo 60 ndimo yalimo magoti ya wageni. Kupita ni kwa ubavu.

Safari ya pili nilitumia kitenge. Nilikikunja hadi kikawa 210 kwa 90, nikakitandika sakafuni mahali pa kochi, khanga mbili zikakunjwa kuwa viti, na ndoo mbili nikazisimamisha kuwa meza. Tukaishi hivyo siku tatu. Siku ya kwanza tu tuligundua kwamba mlango wa barazani ulikuwa unakanyaga kitenge.

Ndipo nikaenda Gisozi. Kwa asiyepajua, Gakiriro ya Gisozi ndiyo kitovu cha maseremala wa Kigali, na iko Gasabo hukuhuku. Zamani mahali pa kazi hizo mjini paliitwa Gakinjiro, na Mswahili haambiwi maana yake, kwani sikio lake limeshasikia kuchinja. Gakiriro imetokana na gukira, kupona au kutajirika. Jina limegeuzwa; mteja aendaye bila futi bado huchinjwa.

Faida ya Gisozi si bei tu, ni kwamba fundi atakukatia kipimo chako. Kuhusu bei, chukua mfano wa makochi mawili yenye thamani ileile ya faranga 600,000, moja la Gisozi na jingine limetoka nje ya Afrika Mashariki. Tangu Julai 2022 Jumuiya imeweka ushuru wa forodha wa 35% kwa fanicha za nje. Hapo 600,000 inakuwa 810,000, na VAT ya 18% ikipanda juu yake unafika 955,800. Bado hujalipia tozo ndogondogo, lori la kutoka bandarini wala faida ya mwenye duka. La Gisozi, likiuzwa na mtu aliyesajiliwa VAT, linaishia 708,000. Dai risiti ya EBM, yaani ya mashine ya kielektroniki: tangu 2024 mnunuzi wa mwisho anarudishiwa asilimia 10 ya VAT aliyolipa, ambayo kwa mfano huu ni 10,800. Nauli ya makarani hiyo. Amana usiiache kubwa. Gakiriro imeshaungua zaidi ya mara moja, na aliyeacha pesa yote bila karatasi hana cha kudai.

Kuna njia ya tatu, mitumba ya wageni wanaohama kutoka Nyarutarama, Kimihurura na hapa kwetu. Bei zao zinavutia, hasa siku mbili kabla ya ndege. Ila makochi mengi ya aina hiyo yalinunuliwa kwa sebule pana, huwezi kuyapunguza, na kabla ya kuyaingiza ndani geuza mito uangalie kunguni kwenye mishono. Mimi nilitazama mawili nikaacha yote.

Kwa fundi wa pili nilikwenda na karatasi yenye vipimo vinne: mlango, korido, upana wa ngazi na kona yake. Mlango wa sentimita 90 kwenye karatasi ukiondoa fremu na ubao uliosimama kwenye bawaba hubakiza 82 hivi. Kochi la kina cha 90 halipiti likiwa limesimama kama kochi. Linalazwa ubavu, na hapo kinachopita ni kimo chake: 85 na miguu, 73 miguu ikifunguliwa. Kwa hiyo nilitaka miguu ya skrubu, si ya misumari. Fundi alicheka, akasema, "Mama, wewe umeshakwama mahali." Nikamwambia afungue zipu ya mto. Ndani ya kochi la maonyesho kulikuwa na vipande vya sponji vya rangi tatu vilivyogundishwa. Tukakubaliana sponji nzima, kilo 30 kwa mita ya ujazo, kwa ya kukalia. Ya mgongoni iwe nyepesi, haibebi mtu.

Na wale wageni wanane? Mwezi uliopita walikuja kumi na wanne kumwona mtoto. Nikakodi viti vya plastiki, na ule upande wa njia ya sentimita 130 ukavipokea vyote.

Lile la L nilimwuzia jirani wa chini, mwenye mlango wa vioo wa mita mbili, kwa hasara ambayo mume wangu bado anaikumbuka. Makarani waliolishusha walidai bei ileile ya kupandisha.