Gari Linapofunga Breki Lenyewe

Kusimamisha gari ni kazi yenye hatua mbili: kwanza kutambua kwamba mbele kuna hatari, kisha kuyabana magurudumu hadi mwendo uishe. Kwa sehemu kubwa ya historia ya magari wahandisi walishughulikia hatua ya pili, ilhali ya kwanza iliachiwa macho na akili ya dereva. Breki ya dharura ya kiotomatiki, yaani mfumo unaofunga breki bila mtu kukanyaga pedali, imeikabidhi kompyuta hatua ile ya kwanza, na hapo ndipo ugumu wote wa teknolojia hii ulipo, kwa kuwa nguvu ya kusimama imekwisha kupatikana zamani na kinachotafutwa sasa ni uamuzi wa wakati gani nguvu hiyo itumike.

Faida ya kuikabidhi mashine uamuzi huo hudhihirika kwa hesabu ndogo. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika kila sekunde, na dereva aliye makini huhitaji sekunde moja hadi moja na nusu kuiona hatari, kuielewa na kuhamisha mguu hadi kwenye breki, hivi kwamba gari huweza kupita mita 25 kabla mwendo haujapungua hata kidogo, ndipo zifuate mita nyingine 20 hivi za kusimama kwenyewe juu ya lami kavu. Kompyuta hufanya kazi ile ile ya kuona na kuamua kwa sehemu ndogo ya sekunde. Aidha, mwendo ukiongezeka maradufu umbali wa kusimama kwenyewe, breki zikishashika, huongezeka mara nne, kwa hiyo kila sehemu ya sekunde inayookolewa huwa na thamani kubwa zaidi kadiri gari linavyokwenda kasi.

Viungo vinavyoiwezesha kompyuta kufunga breki havikubuniwa kwa ajili yake. Mwaka 1978 kampuni ya Bosch ilianza kuuza mfumo wa ABS, unaozuia magurudumu yasijifunge na kuteleza wakati breki zinapokanyagwa kwa nguvu, na mwaka 1995 ukafuata mfumo wa kudhibiti uthabiti wa gari, ambao una pampu inayoweza kusukuma mafuta ya breki hadi kwenye gurudumu lolote, dereva akiwa amekanyaga au hajakanyaga. Pampu hiyo ilipokwisha kuenea, kilichobaki kilikuwa kuipatia macho. Macho hayo ni ya aina tatu: rada, inayotuma mawimbi ya redio na kupima umbali na kasi ya kitu kutokana na mwangwi wake, kamera, inayosoma maumbo na kubainisha mtu, baiskeli au lori, na laida, inayorusha miale ya leza na kuchora ramani ya vitu vilivyolizunguka gari. Volvo XC60 ya mwaka 2008 ilitumia leza pekee na iliweza kufunga breki katika mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa, kiasi kinachotosha msongamano wa mjini.

Kutokana na taarifa hizo kompyuta hukokotoa muda uliobaki kabla ya mgongano, yaani umbali ukigawanywa kwa kasi ambayo gari linakikaribia kitu kilicho mbele, na muda huo ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa humwonya dereva, kisha hufunga breki. Kuchagua kiwango hicho ndiko kwenye mtihani, kwa sababu mfumo unaongoja mno hugonga, na mfumo wenye haraka husimamisha gari mahali pasipo na kitu na kulihatarisha kwa linalofuata nyuma. Hofu hii ya pili si ya kufikirika tu. Februari 2022 mamlaka ya usalama wa barabara kuu ya Marekani, NHTSA, ilifungua uchunguzi juu ya magari ya Tesla yapatayo 416,000 baada ya kupokea malalamiko 354 ya madereva waliosema kwamba magari yao yalifunga breki ghafla barabarani bila sababu inayoonekana. Kwa mifumo inayotegemea rada, mwangwi wa daraja, wa bango la chuma na wa lori lililosimama huweza kufanana sana, na kwa sababu hiyo mifumo mingi ya awali ilifundishwa kuvipuuza vitu visivyotembea pale gari linapokwenda kasi.

Jinsi hofu ya kusimama bure inavyoweza kuua ilionekana usiku wa tarehe 18 Machi 2018 katika mji wa Tempe, jimbo la Arizona, ambako gari la majaribio la kampuni ya Uber linalojiendesha lenyewe, aina ya Volvo XC90, lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akikokota baiskeli. Ripoti ya bodi ya usalama wa uchukuzi ya Marekani, NTSB, iliyokamilishwa Novemba 2019, inastahili kusomwa kwa makini na kila anayetaka kuielewa teknolojia hii. Vihisi vya gari havikuwa na hitilafu: vilimwona mwanamke huyo sekunde 5.6 kabla ya mgongano, gari likiwa katika mwendo wa kilomita 70 hivi kwa saa, maana yake likiwa umbali wa zaidi ya mita 100, ambapo kusimama kabisa kungehitaji chini ya theluthi ya nafasi hiyo. Lakini programu ilishindwa kuamua alikuwa nani. Ilimwita gari, ikamwita kitu kingine kisichojulikana, ikarudi kumwita gari, ikamwita baiskeli, na kila ilipobadilisha jina iliifuta kumbukumbu ya alikotoka, kwa hiyo haikuweza kutabiri aendako. Haikumtambua hata mara moja kuwa mtembea kwa miguu, kwa kuwa haikuundwa kuwazia kwamba mtu anaweza kuvuka mahali pasipo na kivuko.

Zilipobaki sekunde 1.2 kompyuta ilitambua kwamba mgongano umekaribia, na hapo ikafanya kile ilichoagizwa na walioiunda: ilingoja sekunde moja nzima bila kufunga breki, muda uliowekwa makusudi ili mfumo uhakikishe kwamba hatari ni ya kweli na ili msimamizi aliyeketi kwenye usukani apate kuchukua hatua. Msimamizi huyo alikuwa akitazama simu, na NTSB ililitaja kosa lake la kutoangalia barabara kuwa chanzo cha karibu cha ajali, ingawa iliilaumu pia kampuni kwa utamaduni hafifu wa usalama. Kulikuwa na agizo jingine la kushangaza zaidi, kwamba ikiwa mgongano hauwezi kuepukika hata kwa breki kali, gari lisifunge breki kwa nguvu bali lipunguze mwendo polepole huku likipiga king'ora cha onyo. Agizo hilo haliwezi kutetewa, kwani kila kilomita inayopunguzwa kabla ya kugonga humwongezea anayegongwa nafasi ya kupona, na breki iliyochelewa bado ina kazi ya kufanya.

Gari lenyewe lilikuwa limetoka kiwandani na breki ya dharura ya Volvo, ila ilizimwa kila mfumo wa Uber uliposhika usukani, kwa kuwa rada za mifumo hiyo miwili zilitumia masafa yale yale na gari halikuwa na njia ya kuamua litii amri ya nani. Volvo ilipoigiza ajali hiyo kwa kompyuta katika namna 20 tofauti, breki yake iliepusha mgongano mara 17, na katika tatu zilizobaki ilishusha mwendo hadi chini ya kilomita 16 kwa saa. Baada ya ajali Uber iliondoa ile sekunde ya kungoja, ikaacha kufuta kumbukumbu ya vitu vinavyobadilishwa jina, na ikaruhusu breki ya Volvo ibaki ikifanya kazi.

Fundisho la Tempe ni kwamba mashine haipaswi kungoja ijue jina la kitu ndipo ikipishe. Ugumu wa kusoma kitu kisichozoeleka uliwahi kujitokeza hata nchini Australia, ambako mwaka 2017 Volvo ilikiri kwamba mfumo wake wa kutambua wanyama wakubwa, uliojaribiwa kwa "moose" wa Uswidi, aina ya kulungu mkubwa, ulichanganywa na kangaruu, kwa sababu ulikadiria umbali wa mnyama kwa kutazama anapogusa ardhi, na kangaruu anaporuka huonekana yuko mbali kuliko alipo.

Wala kusimama si mwisho wa wajibu. Tarehe 2 Oktoba 2023 mjini San Francisco mtu aliyegongwa na gari la dereva wa kawaida alitupwa mbele ya teksi ya kampuni ya Cruise isiyo na dereva, nayo ikafunga breki kwa haraka lakini ikamgonga. Ikidhani kwamba imegongwa ubavuni, ikajivuta kuelekea kando ya barabara na kumburura mtu huyo takriban mita sita akiwa chini yake. Wiki tatu baadaye jimbo la California liliisimamishia kampuni hiyo vibali vyake.

Hata hivyo, kuikataa breki hii kwa ajili ya matukio hayo lingekuwa kosa kubwa. Taasisi ya IIHS ya Marekani, inayogharimiwa na kampuni za bima, imeona kwamba magari yaliyo nayo hugonga mengine kwa nyuma takriban nusu ya yasiyo nayo, na kwamba inayotambua watu hupunguza ajali za watembea kwa miguu kwa asilimia 27, isipokuwa gizani pasipo na taa za barabarani, ambako haikuonekana kuleta tofauti yoyote. Umoja wa Ulaya uliilazimisha kwa magari yote mapya kuanzia Julai 2024, na kanuni ya NHTSA ya Aprili mwaka huo ilidai kwamba ifikapo Septemba 2029 magari mapya madogo yaweze kuwatambua watu mchana na usiku.

Japani iliilazimisha kwa aina mpya za magari yake kuanzia Novemba 2021, na huko ndiko inakotoka sehemu kubwa ya magari yaliyotumika yanayoshushwa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Mfumo wa EyeSight wa Subaru, wenye kamera mbili zinazopima umbali kama macho ya binadamu, ulianza mwaka 2008, na ule wa Toyota ulianza kuenea mwaka 2015, kwa hiyo, kwa kuwa Kenya hairuhusu gari la zaidi ya miaka minane kuingizwa, wapo madereva wengi wa Afrika Mashariki walio na breki hii bila kujua. Kamera zake hufungwa nyuma ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, na kioo kikibadilishwa baada ya kupasuka ni lazima zipimwe na kulengwa upya kwa vifaa maalumu, kwani kosa la digrii moja tu huwa karibu sentimita 90 kwa umbali wa mita 50, kiasi cha kumfanya mtu aliye mbele ya gari aonekane yuko pembeni. Fundi anayebandika kioo kipya na kumkabidhi mwenye gari funguo bila kuzilenga kamera hizo amemrudishia gari lisiloona sawasawa, na ukaguzi wa magari yanayoingia, ambao hupima nguvu ya breki kwenye magurudumu, unapaswa sasa kuyapima na macho yanayoiamrisha.