Tumbili, Mbu na Homa ya Manjano



Sisi wakulima wa huku Mchuchuma tunamjua tumbili kuwa ni mwizi. Mahindi yakianza kukomaa, watoto wanashinda shambani kutwa nzima wakipiga madebe. Hata wenzetu wa Njombe na Makambako wanaolima karibu na miti wanaijua kazi hiyo.

Mbona basi leo tunaandika habari za tumbili gazetini? Kwa sababu tumbili si mwizi tu. Damu yake inaweza kutuambia kama kuna ugonjwa porini, kabla haujafika kijijini.

Ugonjwa wenyewe

Ugonjwa huo ni homa ya manjano. Unaletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Mbu huvitoa kwa mgonjwa na kumpelekea mzima. Baada ya siku 3 hadi 6 mtu hushikwa na homa, kichwa, mgongo na kutapika. Wengi hupona. Wengine huzidiwa: macho huwa ya manjano na damu hutoka. Kati ya hao waliozidiwa, karibu nusu hufa. Dawa ya kuua virusi hivyo haipo.

Walivyofuata nyayo zake

Mwaka 1936 kituo cha kuchunguza homa ya manjano kilifunguliwa Entebbe, Uganda. Baadaye, mwaka 1950, kikawa kituo cha Afrika Mashariki nzima, pamoja na Tanganyika.

Wataalamu walikwenda Bwamba, magharibi mwa Uganda. Walipima damu za watu. Wakaona alama za homa ya manjano kwa watu wengi. Je, ugonjwa ulikuwa umejificha wapi? Wakapima damu za tumbili na kima wa msituni. Kumbe nao walikuwa na alama zile zile!

Tumbili wa Afrika akipata ugonjwa huu kwa kawaida hafi. Virusi hukaa katika damu yake siku chache tu, kisha hupona. Lakini alama hubaki. Basi tumbili mzee mwenye alama anasema, "Ugonjwa ulipita hapa zamani au juzi, sijui." Tumbili mdogo mwenye alama anasema, "Ugonjwa umepita hapa karibuni." Ndivyo wataalamu wanavyosoma damu, kama sisi tunavyosoma gazeti hili.

Bado swali moja: ugonjwa ulishukaje kutoka juu ya miti? Watu walipanda mitini wakakaa juu ya vichanja, usiku na mchana, wakikamata mbu waliokuja kuwauma. Baadaye, katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, ulisimamishwa mnara wa chuma wa futi 120. Wakagundua kwamba mbu fulani huuma huko juu, hasa jua likishazama, wakati kima wamekwisha kutulia walale. Mbu huyo ndiye anayeeneza ugonjwa kati yao.

Kukicha, kima mwenye virusi hushuka kuiba ndizi. Katika migomba yuko mbu mwingine. Yeye hutaga kwenye maji yanayotuama pale jani linapoungana na shina. Humwuma kima mwizi, kisha baada ya siku kadhaa humwuma mkulima. Hapo ugonjwa umeingia nyumbani.

Tusiseme ni mambo ya zamani. Homa ya manjano ilizuka Kenya katika bonde la Kerio mwaka 1992, na kaskazini mwa Uganda mwaka 2010.

Je, tuwaue tumbili?

Hapana. Huko Brazil tumbili hufa kwa ugonjwa huu. Tumbili wakianza kufa, watu hujua hatari iko karibu, nao huchanjwa. Lakini mwaka 2017 watu wengine kwa hofu waliwaua tumbili ovyo. Walikuwa wanamwua mlinzi wao! Tumbili hamwambukizi mtu homa hii. Anayeileta ni mbu. Ukimwua tumbili, mbu bado yupo.

Tufanye nini?

Kwanza, tukiwaona tumbili kadhaa wamekufa porini, tusiwaguse wala tusiwale. Tumwarifu bwana mifugo au zahanati.

Pili, tumwage maji yaliyotuama katika makopo, vifuu na matairi. Mbu hawa huuma mchana pia, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi.

Tatu, chanjo. Sindano moja hukinga maisha yote. Nchi ya Kongo hudai kadi ya chanjo hii kwa wageni, na Tanzania huidai kwa watu watokao nchi zenye ugonjwa. Wanaosafiri wasinunue kadi ya uwongo. Kadi haizuii mbu; sindano ndiyo kinga.

Nne, mtu mwenye homa na macho ya manjano awahishwe zahanati siku hiyo hiyo.

Basi tuendelee kumfukuza tumbili shambani, kwani mahindi ni yetu. Lakini tumwangalie pia. Akiwa mzima huko mtini, nasi tunapata habari.