Mwaloni hunenepa namna gani?

Watoto, tuanze na ulizo moja. Huko Ubelgiji mtu mmoja apigilia msumari katika mwaloni mchanga. Msumari uko juu ya ardhi metre moja na nusu. Mti huo warefuka mwaka kwa mwaka. Je, baada ya miaka ishirini msumari utakuwa wapi?

Wengi watajibu upesi: «Utakuwa juu kabisa, hata mkono hauufikii.» Sivyo. Msumari utakuwa pale pale, juu ya ardhi metre moja na nusu. Lakini labda hamtauona tena, kwa kuwa mti umekwisha kuumeza.

Jambo hilo ni la ajabu kidogo. Someni vizuri, nanyi mtajua sababu yake.

1. Mwaloni ni mti gani?

Jina la mwaloni mmelisikia katika Biblia, pale Abrahamu alipopiga hema yake karibu na mialoni ya Mambre. Ulimwenguni kuna namna zaidi ya 400 za mialoni. Katika misitu ya Kongo mwaloni hauoti wenyewe, lakini Ulaya ni mti mkubwa wa heshima. Waweza kufika urefu wa metre 30 na zaidi, na kuishi miaka mia tano.

Mti huo mkubwa hutoka katika kokwa ndogo, kama ncha ya kidole gumba. Kokwa huanguka mwezi wa kumi. Nyingine huliwa na nguruwe wa mwitu na panya. Nyingine huchukuliwa na ndege wa jamaa ya kunguru, naye huzificha udongoni kuwa akiba yake. Zile anazozisahau huota. Kwanza mzizi hushuka chini, kiisha shina jembamba hutokea juu, lenye majani machache tu.

2. Njia mbili za kukua

Mti hukua kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kurefuka. Kazi hiyo hufanyika katika ncha za matawi na ncha za mizizi tu. Sehemu iliyokwisha kurefuka hairefuki tena. Mti hauvutwi kama mpira. Ndiyo maana msumari haupandi juu.

Njia ya pili ni kunenepa. Shina, matawi na mizizi huongezeka unene kila mwaka. Ndiyo maana msumari humezwa.

Nani anayefanya kazi hiyo ya kunenepesha mti? Bandueni ganda la tawi bichi. Chini yake mtagusa kitu cheupe chenye maji na utelezi. Hapo ndipo penye ngozi nyembamba sana, nyembamba kuliko karatasi ya kitabu hiki. Wenye elimu huiita kambiumu. Ngozi hiyo huuzunguka mti wote, toka mizizi hata matawi, kama nguo iliyoubana mwili.

Kambiumu ni kama mwashi anayejenga kuta mbili pamoja. Upande wa ndani huongeza ubao mpya. Upande wa nje huongeza ganda jipya. Lakini upande wa ndani hujenga zaidi, kwa hiyo ubao ni mwingi na ganda ni kidogo.

Kuta hizo mbili zina kazi mbili mbalimbali. Ubao mpya una mirija midogo ambayo kwayo maji ya udongo hupanda mpaka majani. Ganda la ndani lina njia nyingine. Kwa njia hiyo chakula cha sukari, kilichopikwa na majani kwa nguvu ya jua, hushuka mpaka mizizi. Maji hupanda ndani, chakula hushuka nje, na kambiumu hukaa katikati.

3. Nani huamsha kambiumu?

Ulaya kuna majira ya baridi. Mwaloni huacha majani yake, na kambiumu hulala. Barafu ikiingia katika mirija mikubwa ya ubao, hewa hujitenga na maji na kuiziba. Mirija hiyo haipitishi maji tena. Basi, kila mwaka mwaloni lazima utengeneze mirija mipya kabla majani hayajakunjuka. Majani yakifunguka bila maji, yatanyauka. Lakini mti ungali uchi, hauna jani hata moja la kupika chakula. Utapata wapi nguvu? Utazipata katika akiba ya wanga uliyoiweka mwaka uliopita katika ubao na mizizi, kama vile mama mwenye akili awekavyo mahindi ghalani.

Na nani hutoa amri ya kuanza? Joto likirudi na siku zikirefuka, machipukizi ya matawi huanza kuvimba. Machipukizi hayo, na majani machanga baadaye, hutengeneza dawa moja iitwayo oksini. Oksini hushuka chini polepole, toka ncha za matawi mpaka shina, na toka shina mpaka mizizi. Kila inapopita, huiambia kambiumu: «Amka, gawanyika, jenga!» Tena siyo oksini peke yake. Kuna dawa nyingine za namna hiyo ndani ya mti, nazo husaidiana. Wenye elimu huziita homoni. Mwili wetu nao una homoni zake, nazo hutukuza toka utoto mpaka utu uzima.

Basi kichwa cha mti huongoza unene wa shina. Lakini amri peke yake haitoshi. Mwashi akiitwa kazini, naye hana matofali wala maji, atajenga nini? Kambiumu vile vile hutaka maji ya udongo, chakula cha majani, na joto la kutosha. Mwaloni uliosongwa na miti mingine hauna jua la kutosha, hunenepa kidogo tu. Mwaloni uliosimama peke yake shambani, wenye kichwa kikubwa na kutikiswa na upepo, hufanya shina nene.

Mwisho wa majira ya joto, siku zikianza kufupika, machipukizi hujifunga, oksini hupungua, na kambiumu hulala tena.

4. Pete za mwaka

Mwaloni ukikatwa, tazameni kisiki chake. Mtaona pete nyingi, moja ndani ya nyingine. Kila pete ni kazi ya mwaka mmoja. Upande wa ndani wa kila pete una matundu madogo yanayoonekana kwa macho. Hiyo ndiyo mirija mikubwa iliyojengwa kwa haraka majani yalipokuwa karibu kutoka. Baada yake kuna ubao mgumu, wenye matundu madogo sana. Huo ulijengwa polepole wakati wa joto, kusudi mti uwe na nguvu ya kusimama.

Mwaka wa mvua nzuri, pete huwa pana. Mwaka wa ukavu, au mwaka viwavi walipokula majani, pete huwa nyembamba. Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalitazamii. Mwaloni uliokua upesi una ubao mgumu kuliko ule uliokua polepole. Sababu yake ni hii: sehemu ya matundu makubwa haibadiliki sana mwaka kwa mwaka. Mwaka mwema huongeza sehemu ngumu. Mwaka mbaya huacha karibu matundu tu.

Kwetu hakuna baridi ya barafu, na miti mingi haionyeshi pete wazi. Lakini mahali penye kiangazi kirefu, kama Katanga, kuna miti inayofanya pete, maana hupumzika wakati wa ukavu.

Sasa fanyeni hesabu. Pete moja ikiwa na milimetre 2, shina huongezeka milimetre 2 kila upande, ndiyo milimetre 4 kwa mwaka. Baada ya miaka 100 upana wa shina utakuwa sentimetre 40. Tazameni basi kazi ya karatasi ile nyembamba!

5. Mwaloni wenye kanisa ndani

Katika kijiji cha Allouville-Bellefosse, nchi ya Ufaransa, kuna mwaloni mzee sana. Watu husema umepita miaka 800. Mzunguko wake chini ni karibu metre 15. Ndani ni mtupu, maana moyo wake ulioza zamani. Katika karne ya 17 mapadri walitengeneza kanisa dogo ndani ya utupu huo, na juu yake chumba kingine cha sala. Watu hupanda kwa ngazi inayouzunguka mti. Na mti huo, usio na moyo, hutoa majani kila mwaka!

Yawezekanaje? Ninyi mwajua sasa. Katikati ya mwaloni mkubwa, ubao umekwisha kufa. Mirija yake imezibwa, nao hautumiki tena kupitisha maji. Kazi yake ni kuushika mti tu, kama mhimili wa nyumba. Uzima uko nje, karibu na ganda: ubao wa miaka ya mwisho, kambiumu, na ganda la ndani.

Kwa hiyo mti waweza kupoteza moyo wake na kuishi. Lakini ukibandua ganda la mti kwa kuuzunguka pande zote, mara nyingi mti hufa. Chakula hakishuki tena, na mizizi hufa kwa njaa. Mti hautakufa leo. Majani yatabaki mabichi kwa muda, hata aliyeukata asahau kosa lake. Vile vile mkifunga kamba ya mbuzi au waya katika mti mchanga na kuiacha, mti utanenepa na waya haitalegea. Siku moja waya itaukaba kama mtu akabwaye shingo.

Watoto, mnapocheza na kisu karibu na miti ya shule, kumbukeni karatasi ile nyembamba.

6. Mti wa wajukuu

Tarehe 15 Aprili 2019, moto uliunguza paa la kanisa kubwa la Notre-Dame, mjini Paris. Paa lilishikwa na boriti za mwaloni zilizokatwa katika karne ya 12 na ya 13. Kusudi walijenge tena, Wafaransa walikata mialoni zaidi ya 1.000 katika misitu yao. Mingine ilikuwa na miaka zaidi ya mia. Kanisa likafunguliwa tena mwezi wa Desemba 2024.

Watu waliotunza mialoni hiyo ilipokuwa michanga hawakujua kama moto utakuja. Wala hawakuiona boriti hata moja. Walikwisha kufa zamani. Lakini kila mwaka, pete kwa pete, mti uliendelea na kazi yake.

Apandaye mwaloni hupandia wajukuu. Asiyelikata ganda la mti mchanga naye amewapandia.

Maulizo

1. Mti hurefuka katika sehemu zipi?
2. Kwa nini msumari haupandi juu, lakini humezwa?
3. Kambiumu hujenga nini upande wa ndani? Na upande wa nje?
4. Oksini hutoka wapi, na kazi yake ni nini?
5. Kwa nini mwaloni lazima utengeneze mirija mipya kila mwaka?
6. Mwaloni wa Allouville waishije bila moyo?
7. Tafuteni karibu na shule mti wenye jeraha katika ganda, au uliofungwa kamba. Elezeni mtafanya nini kuuokoa.