Bodi ya Gari Moja, Chesisi ya Jingine

Land Rover na Land Cruiser za kizamani zimeundwa kwa sehemu mbili zinazotenganishika. Chini kuna chesisi, fremu ya chuma inayobeba injini, giaboksi na ekseli. Juu yake kuna bodi, iliyoshikwa kwa bolti na raba. Magari madogo ya siku hizi hayako hivyo, maana bodi na fremu yake ni kitu kimoja. Kwa hiyo ni haya ya porini hasa yanayoweza kuvuliwa bodi yakavalishwa nyingine.

Mkoa wa Tabora una historia na mashine chotara za namna hiyo. Mwaka 1947 Waingereza walipoanzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, maeneo yake matatu yakiwa Kongwa, Nachingwea na Urambo ya mkoani Tabora, matrekta yalikuwa haba kwa sababu vita ndiyo kwanza vimekwisha. Kampuni ya Vickers-Armstrongs ikachukua vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani, ikavigeuza kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Hayakufua dafu. Mashine iliyobuniwa kwa ajili ya vita ilipewa kazi ya kung'oa visiki na kufungua mashamba, na mwaka 1951 mradi wenyewe ukavunjwa. Anayeunganisha magari mawili leo aanze hapo: chesisi huchaguliwa kwa kazi na kwa ardhi, wala si kwa sababu tu imepatikana.

Ardhi ya Choma Chankola na tambarare nyingine za Wilaya ya Igunga, mkoani humohumo, haina simile. Udongo mweusi wa mbuga ukikauka hupasuka nyufa. Ukinyeshewa huvimba, hunata, na hujaa ndani ya madigadi mpaka tairi likagoma kuzunguka. Huko gari huhitaji nafasi kubwa kati ya tairi na bodi, gia nzito za kwendea polepole, na mara nyingi tairi jembamba la 7.50-16, ambalo hukata tope likatafuta ardhi ngumu chini. Tairi pana linapendeza machoni, lakini kwenye mbuga huishia kuteleza juu ya ute.

Tope hilohilo ndilo linaloua chesisi. Land Rover ilipoanza mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza, hivyo sehemu kubwa ya bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini, ambayo hailiwi na kutu kama chuma. Fremu ilibaki ya chuma, na ni boriti zenye uwazi ndani. Tope huingia kwenye matundu yake na kukaa na unyevu muda mrefu, na kutu ikala kutoka ndani huku nje rangi ikionekana nzima. Mwisho wake bodi nzuri hujikuta imekaa juu ya fremu inayobonyea kwa nyundo. Gari la namna hiyo ndilo linalostahili kubadilishwa chesisi.

Chesisi inayotafutwa sana kwa kazi hii duniani ni ya Range Rover ya kwanza, iliyotoka mwaka 1970, au Discovery iliyotoka mwaka 1989. Zote mbili zina springi za koili na breki za diski mbele na nyuma, na umbali kati ya ekseli ni inchi 100, yaani milimita 2,540. Land Rover fupi ya zamani ina inchi 88. Tofauti ni inchi 12, na fundi ana njia mbili: arefushe bodi, au akate chesisi. Kukata si kazi ya grenda na haraka. Fremu hupimwa kwanza kwa futi kamba, kutoka pembe hadi pembe, na vipimo viwili vya mshazari visipolingana ina maana fremu imepinda. Mkato hufanywa wa mshazari, kipande cha chuma kikawekwa ndani ya maungio, ndipo huchomelewa. Kiungo kilichokatwa wima na kuchomelewa juu juu hukatika siku gari likibeba mzigo.

Baada ya hapo matatizo huja moja baada ya jingine. Ekseli za Range Rover ni pana kuliko za Land Rover ya zamani kwa karibu sentimita 9 kila upande, hivyo matairi hutokeza nje na madigadi lazima yaongezwe. Propela ya nyuma hufupishwa kwa kiasi fremu ilivyopungua, kisha husawazishwa isitetemeke. Boksi la stelingi na pedeli za breki huchukuliwa kutoka gari lililotoa chesisi, kwa sababu breki za diski huhitaji sevo yake.

Penye hatari ya gharama kubwa ni kwenye difu. Ekseli za Land Rover ya zamani zina uwiano wa 4.7 kwa 1, za Range Rover 3.54 kwa 1. Ukiweka ekseli za Range Rover na kubaki na giaboksi ya zamani, gari huwa jepesi barabarani lakini hukosa nguvu ya kutoka kwenye tope. Kuchanganya mbele difu moja na nyuma nyingine ni kuvunja transfa, maana ikifungwa fo-wili ekseli mbili huvutana kila moja kwa mwendo wake.

Kazi inayofanana na hii hufanyika Arusha, ambako gereji hurefusha chesisi za Land Cruiser na kuzijengea bodi za watalii zenye paa la kuinua. Huko vipimo hurudiwa gari baada ya gari. Chotara la mtu mmoja hupimwa upya kila mara.

Jambo la kisheria hutangulia grenda. Kadi ya gari ina namba ya chesisi na ya injini, na usajili uko mikononi mwa Mamlaka ya Mapato (TRA). Gari likibadilishwa chesisi linahitaji karatasi za chesisi hiyo, na mabadiliko yaingizwe kwenye kumbukumbu. Namba iliyoingiliwa na mkato isifutwe wala kuhamishwa.

Gari likikamilika, bolti za bodi hukazwa tena baada ya safari za kwanza, na viungo vilivyochomelewa huoshwa na kuangaliwa kama vina nyufa, kwanza bila mzigo, kisha na mzigo, kabla masika hayajaanza.