Presha iko chini, moyo unakimbia: dawa imezwe au iachwe?

Dawa nyingi za kupunguza mapigo ya moyo, zikiwemo atenololi, bisoprololi, kavediloli na propranololi, hushusha presha pia. Kwa hiyo mgonjwa ambaye mashine imemsomea 92 kwa 58 asubuhi hukishika kidonge chake kwa wasiwasi. Wasiwasi huo ni mzito zaidi Nyandira au Kinole, juu milimani Uluguru, kwa sababu daktari aliyeandika dawa yuko mbali: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Morogoro, au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Namba ya presha peke yake haitoshi kuamua. Kinachotangulia ni kujua kwa nini moyo unakwenda mbio.

Mara nyingi moyo hukimbia kwa sababu ya haki kabisa. Mtu aliyeharisha na kutapika, mkulima aliyeshinda juani bila maji, mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, mgonjwa wa malaria aliyepungukiwa damu: wote hawa moyo wao huongeza mwendo ili damu iendelee kufika kwenye ubongo na figo. Kuupunguza mwendo hapo ni hatari kubwa, maana ndio unaoizuia presha isiporomoke. Anachohitaji mgonjwa ni maji, damu au dawa ya malaria, na mapigo yatatulia yenyewe.

Hali hugeuka pale moyo wenyewe unapokuwa na hitilafu. Homa ya baridi yabisi ya utotoni huweza kuharibu vali, na miaka mingi baadaye vyumba vya juu vya moyo vikaanza kutetemeka badala ya kusukuma. Mapigo hupanda hadi 140 au zaidi, bila mpangilio, na moyo hukosa nafasi ya kujaa. Ukipunguziwa mwendo hujaa vizuri, kila pigo hutoa damu ya kutosha, na presha huweza hata kupanda. Presha ikiwa chini, daktari anaweza kuchagua digoksini, ambayo hupunguza mapigo bila kuishusha sana. Dawa hii hujilimbikiza mwilini figo zikidhoofu. Kichefuchefu na kuona rangi ya manjano ni dalili za kuwahi hospitali.

Kwa moyo uliochoka, bisoprololi au kavediloli huanzishwa kwa kipimo kidogo na kuongezwa polepole. Presha yenye namba ya juu ya 95 kwa mgonjwa kama huyo, akiwa hana kizunguzungu na kazi zake anazimudu, si sababu ya kuacha dawa inayomrefushia maisha. Kabla ya kuigusa, daktari hutazama kwanza dawa za kukojoza: pengine zimekausha maji kupita kiasi. Kavediloli humezwa pamoja na chakula, jambo linalopunguza kizunguzungu cha kusimama.

Kuacha dawa hizi ghafla ni kosa la hatari: moyo huweza kurudi kukimbia kwa kishindo, na kifua kubana. Masika, barabara za milimani zinapoharibika, vidonge vinunuliwe kabla havijaisha.

Kipimo nacho kina utaratibu wake. Aliyepanda mlima hadi zahanati apumzike kwanza angalau dakika tano, apimwe akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama. Mapigo yahesabiwe kwa dakika nzima, hasa yakiwa hayana mpangilio. Anayezimia, anayechanganyikiwa, anayebanwa pumzi, au mwenye mapigo chini ya 50 pamoja na kizunguzungu, asimeze dozi inayofuata kabla ya kuonwa na mtaalamu, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mfuko wake uwe na dawa zote anazotumia, za hospitali, za duka la dawa na za miti shamba, kwa kuwa dawa za nguvu za kiume na baadhi ya mitishamba nazo hushusha presha.