Usiuache Mshipi Ufanye Tumbo

Najua wengi wenu hapo Mvumi, palizi ikiisha, jioni mnachukua fimbo ya mwanzi na kopo la nyungunyungu kwenda kutafuta kitoweo. Basi leo tuliweke jembe kando kidogo, tuzungumze juu ya mshipi.

Kila nipitapo vijijini nasikia neno lile lile: "Bwana shamba, samaki wamo, ila hawali." Wanakula, ndugu yangu. Mshipi wako ndio unaowafukuza.

Mto hauendi kwa mwendo mmoja. Katikati maji hukimbia. Kando, na nyuma ya gogo au jiwe, karibu yamesimama. Hapo penye utulivu ndipo samaki hungoja chakula kiletwe na mkondo. Wewe unasimama ukingo huu, unatupa ndoana kule penye utulivu, na mshipi unalala juu ya maji yanayokimbia. Punde mkondo unausukuma, unafanya tumbo kuelekea chini ya mto, na tumbo lile linakokota chambo. Hebu niambie, nyungunyungu gani anayekimbia majini namna hiyo? Samaki anashtuka. Na hata akidonoa huna habari, maana mshipi umelegea. Ukija kuvuta, unavuta tumbo kwanza, perege keshatema.

Sasa fanya hivi. Chambo kikitua tu, inua ncha ya fimbo ili mshipi mwingi usiguse maji. Ukiona tumbo linaanza, usivute. Cheza kiganja nusu duara, kama unarusha kamba juu ya mgongo wa ng'ombe, ulitupe tumbo upande wa juu wa mto. Mkondo utachukua muda kulirudisha, na muda huo chambo kinashuka taratibu na maji. Fanya mapema, kabla halijawa kubwa, kisha rudia. Wavuvi wa trauti, samaki ambao mayai yao yaliletwa Kenya kutoka Scotland mwaka 1905, hufanya hivyo hivyo kwa ndoana zilizofungwa manyoya mfano wa inzi. Mwanzi wako nao unaweza, mradi mshipi usizidi sana urefu wa fimbo.

Kambale wa usiku ni habari nyingine. Huyo hutafuta chini kwa kunusa, kwa hiyo weka chubwi nzito, kaza mshipi kidogo, uuwekee kidole uusikilize. Lakini nailoni usiizungushe kiganjani! Kambale mmoja alinichana kidole hivyo, kovu ninalo mpaka leo.

Na sasa lile lililonifanya nichague somo hili. Ndoana inanasa kwenye kisiki, mtu anakunja suruali, anaingia majini kuifuata. Ndugu mkulima, Mkondoa ndio huo huo unaokwenda kuwa Wami, na Wami una mamba. Mamba haonekani mpaka amekushika. Baki ukingoni, mbali kidogo na maji. Tembea kuelekea juu ya mto, uvute kutoka upande ule. Mara nyingi ndoana hutoka. Ikikataa, kata. Ndiyo sababu nashauri ndoana ifungwe kwa kipande cha nailoni nyembamba kuliko mshipi wenyewe, ili kikatike hicho na mshipi wako ubaki. Vipande vilivyokatika viokote, urudi navyo nyumbani ukavitupe shimoni, maana mbuzi wanaoshuka kunywa maji hunasa miguu humo.